Kinywa cha Upole: Habari za Mbwa Wanaoleta Windo

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kinywa cha mbwa. Huenda baadhi yenu mkacheka na kusema, "Kinywa cha mbwa kina habari gani? Mbwa ni meno, na kazi ya meno ni kuuma, maneno yamekwisha." Twawaomba wenye kusema hivyo wavumilie kidogo, kwani jambo hilo ndilo tunalotaka kulichungua: yawezekanaje mnyama mwenye meno makali kubeba kitu dhaifu pasipo kukidhuru, na uwezo huo ameupata wapi?

Fikirini yai bichi la kuku. Mtoto mdogo akipewa alibebe, mama yake humwangalia kwa wasiwasi, asije akalibana mno au akaliachia. Sasa fikirini mbwa mkubwa wa kilo 30, mwenye meno 42, na manne kati ya hayo ni chonge ndefu zilizoumbwa kwa kuchoma nyama. Mbwa huyo hupewa yai, akalishika kinywani, akatembea nalo, akaketi mbele ya bwana wake na kulitua kiganjani, wala halina ufa hata mmoja. Mwaka 2018 watu wengi wa Marekani waliwajaribu mbwa wao kwa mchezo huu na kuonyeshana picha zao. Si mbwa wote walioweza. Wako waliolipasua yai mara moja, wakalilamba mpaka tone la mwisho. Lakini wale walioweza hawakufanya mazingaombwe. Walionyesha urithi wa kazi ambayo jamaa zao wameifanya kwa muda mrefu.

Kazi yenyewe ni hii. Huko Uingereza, watu wanapowinda ndege kwa bunduki za marisau, mbwa wao wamegawanyiwa shughuli. Wako wanaonusa upepo, nao wakiisha kupata harufu husimama kimya kama sanamu, pua zimeelekea mahali alipojificha ndege. Wako wanaoingia vichakani kuwafurusha ndege waruke. Na wako wanaokaa kando ya bwana zao bila kutikisika mpaka bunduki imelia na ndege ameanguka. Ndipo hutumwa kwenda kumtafuta, katika majani marefu au ndani ya maji, na kumleta mkononi. Jina la mbwa hawa wa mwisho katika lugha ya Kiingereza maana yake ni "waletaji", nasi tutawaita hivyo. Mashuhuri kati yao ni Labrador na Golden Retriever. Mletaji asiyedhuru windo husemwa kuwa ana kinywa laini. Na yule aliye na desturi ya kuliponda husemwa kuwa ana kinywa kigumu.

Mtu atauliza: kwa nini jambo hili lisumbue watu hata likapewa majina? Sababu ya kwanza ni chakula. Ndege aliyebanwa kwa nguvu huvunjika mbavu, vipande vya mifupa huchoma nyama, matumbo hupasuka, na mpishi hana la kufanya ila kumtupa. Sababu ya pili ni huruma. Marisau hayaui kila mara. Pengine huvunja bawa tu, na ndege akiisha kuanguka hukimbia kwa miguu na kujificha. Asipopatikana, atakufa polepole kwa maumivu na njaa, au ataliwa na mbweha angali hai. Mletaji mwema humfuata kwa harufu, humshika bila kumzidishia jeraha, na kumpeleka kwa mwindaji, ambaye humaliza maisha yake mara moja kwa mkono uliozoea.

Hapo msikilizaji mwerevu atatushika na kusema: "Kama ndege huyo atauawa vilevile, kuna ubaya gani mbwa akimwua mwenyewe na kutupunguzia kazi?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba mbwa hana hukumu ya kuchagua. Hawezi kusema nafsini mwake, "Huyu yu hai, nitamponda, huyu amekufa, nitamwacha salama." Akiisha kuonja ladha ya kuponda mmoja, huenda akawaponda wote, na kutoka kuponda hadi kula si mwendo mrefu. Tena huenda akamkamata ndege mzima ambaye hakupigwa kabisa. Akiwa na kinywa laini, ndege huyo huachiliwa akaenda zake.

Wasikilizaji wetu wa pwani watakumbuka kwamba wazo hili si geni katika dini ya Kiislamu. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, pameruhusiwa kuliwa windo ambalo wanyama waliofunzwa kuwinda wamewashikia bwana zao. Na katika Hadithi iliyopokewa na Adi bin Hatim, Mtume alieleza kwamba mbwa akiwa amekula katika windo lile, basi mwenye mbwa asile, kwa kuwa yahofiwa kwamba mbwa amejishikia nafsi yake mwenyewe. Hayo yalisemwa zamani sana kabla ya mbwa hawa wa Uingereza kujulikana, nayo yatupa kipimo kizuri cha mazungumzo yetu: kuna mbwa ajishikiaye mwenyewe, na kuna mbwa amshikiaye mwingine. Kinywa laini ni kinywa kimshikiacho mwingine.

Sasa na tutazame jinsi mbwa waletaji walivyopatikana. Wazee walioiona gobore wajua taabu yake. Mtu humimina baruti kwa mdomo wa bunduki, akaishindilia, akatia marisau, akashindilia tena, na wakati huo ndege wamekwisha kwenda zao. Lakini mwaka 1851, katika Maonyesho Makubwa ya London, ilionekana bunduki ya fundi Mfaransa, Casimir Lefaucheux, ambayo hufunguka nyuma na kutiwa risasi iliyokwisha kutengenezwa pamoja na baruti yake. Mafundi wa Uingereza waliiga na kuitengeneza vizuri zaidi. Mambo yakabadilika. Matajiri wenye mashamba makubwa waliweza kupiga ndege wengi kwa siku moja, na ndege waliotapakaa majanini walihitaji mbwa wa kuwakusanya mmoja mmoja pasipo kuwaharibu.

Mbwa wa kazi hiyo walikuwa tayari, ila walikuwa wakifanya kazi nyingine. Katika kisiwa cha Newfoundland, ambacho siku hizi ni sehemu ya nchi ya Kanada, wavuvi walikuwa na mbwa weusi wenye manyoya mafupi yasiyoshika maji. Mbwa hao walijitosa katika bahari ya baridi kali, wakavuta mishipi na nyavu, na kuwaleta samaki walioponyoka katika ndoana. Merikebu za samaki ziliwaleta baadhi yao katika bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza, na bwana mkubwa wa karibu na hapo, Earl wa Malmesbury, akawapenda na kuwazalisha kwa ajili ya kuwinda bata. Katika miaka ya 1880 mwanawe aliwapa baadhi ya mbwa hao Duke wa Buccleuch wa Scotland, na katika kizazi chao wametoka Labrador wengi wa leo. Chama cha mbwa cha Uingereza, kiitwacho Kennel Club, kilichoanzishwa mwaka 1873, kiliwatambua Labrador kuwa kabila mbali mwaka 1903.

Ndugu zao wa rangi ya dhahabu walipatikana kwa njia nyingine. Sir Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye aliitwa Lord Tweedmouth, alikuwa na shamba mahali paitwapo Guisachan, katika milima ya Scotland. Mwaka 1865 alimnunua mbwa dume wa manjano aitwaye Nous. Mwaka 1868 alimzalisha na jike aitwaye Belle, wa kabila la mbwa wa majini kutoka mto Tweed, nao wakapata watoto wanne wa manjano. Bwana huyo aliandika katika daftari kila mbwa aliyezaliwa kwake na wazazi wake ni nani, na kwa daftari hilo tumeweza kujua asili ya Golden Retriever.

Habari ya daftari si ndogo. Mkulima mwenye akili hachukui punje yoyote ya mahindi akaiita mbegu. Huchagua masuke yaliyo mema, akayaning'iniza juu ya moshi, akayahifadhi mpaka mvua. Ndivyo walivyofanya wafugaji hawa. Mbwa aliyeleta ndege salama alizalishwa; aliyeponda hakuzalishwa, hata angekuwa mzuri wa sura na mwepesi wa mbio. Wakafanya hivyo kizazi baada ya kizazi, na tabia ya kushika kwa upole ikaingia katika damu.

Je, ni kitu gani hasa kilichobadilika katika damu? Mtaalamu mmoja wa Marekani, Raymond Coppinger, pamoja na mkewe Lorna, walieleza jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 2001. Walionyesha kwamba mnyama awindaye, kama vile mbwa-mwitu, hufuata mnyororo wa vitendo: hutazama windo, hulinyatia, hulifukuza, hulikamata kwa meno, huliua kwa kuliuma, hulipasua, kisha hula. Katika makabila ya mbwa wanadamu wameukata mnyororo huo mahali mbalimbali. Mbwa wa kuchunga kondoo hunyatia na kufukuza, lakini haitakiwi akamate. Mletaji hufukuza na kukamata kwa meno, na hapo mnyororo wake hukatika: pingu ya kuua ni dhaifu au haipo. Badala ya kuua, hubeba. Basi kinywa laini si meno yaliyopungua makali. Meno ya Labrador ni sawa na ya mbwa mwingine wa ukubwa wake. Kilichopungua ni hamu ya kulimaliza windo.

Lakini hamu peke yake haitoshi. Hapana budi kuwe na kipimo cha nguvu. Nacho kimo katika mizizi ya meno. Kila jino limeshikwa katika mfupa wa taya kwa nyuzi laini, na ndani ya nyuzi hizo mna mishipa ya fahamu iwezayo kutambua mkandamizo mdogo kabisa. Jambo hili sote twalijua katika vinywa vyetu. Mtu akila wali, na ghafula jino likakutana na changarawe, taya husimama kabla yeye mwenyewe hajawaza lolote. Aliyelisimamisha taya ni mshipa wa fahamu ulio chini ya jino. Mbwa anacho kipimo kama hicho, na kwa hicho aweza kujua kitu alichoshika ni kigumu au chororo, chazidi kuteleza au kimetulia. Tofauti ni kwamba kipimo hakimfai mtu asiyejifunza kukisoma, na mbwa naye hana budi kufundishwa kusoma chake.

Shule ya kwanza ya mbwa ni tumbo moja la ndugu zake. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu, asiye na meno. Macho hufumbuka katika juma la pili hivi, na meno ya utoto huanza kuchomoza katika juma la tatu, mpaka yametimia 28, nayo ni membamba na makali kama miiba. Mara baada ya kuyapata huanza kuyatumia: humuuma ndugu yake sikio, humvuta mkia, humrukia mama yake. Akimuuma ndugu yake kwa kadiri, mchezo huendelea. Akizidisha, ndugu hulia, hugeuka akamuuma yeye, au huondoka kabisa na mchezo ukafa. Akiwa ananyonya na kumuuma mama, mama husimama akaenda zake, na maziwa yakaenda pamoja naye. Mafunzo haya hurudiwa mara nyingi kila siku. Pasipo fimbo wala maneno, mtoto hutambua kwamba mwenye kuuma kwa nguvu hubaki peke yake na njaa yake.

Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walioandika matokeo ya kazi yao mwaka 1965 baada ya miaka mingi ya kuwachunguza mbwa, walionyesha kwamba majuma kati ya la tatu na la kumi na mbili ndiyo majuma ambayo mbwa hujifunza kuishi na wenziwe na kuishi na watu. Ndiyo maana si vizuri kumtenga mtoto wa mbwa na mama yake kabla hajatimiza majuma 8, na sheria iliyotungwa mwaka 2018 kwa ajili ya Uingereza inawakataza wafugaji wenye leseni kuwauza watoto walio chini ya umri huo. Atolewaye mapema ameondolewa shuleni kabla ya kumaliza kitabu cha kwanza. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Shule ya pili ni mkono wa mwanadamu, na hapa ndipo twaomba masikio yenu zaidi, kwani mbwa wengi waliozaliwa na kinywa laini hupotezwa na bwana zao wenyewe. Mwalimu mwema huanza na kitu chepesi na laini, kama soksi iliyofungwa fundo. Hukitupa karibu, na mtoto wa mbwa hukikimbilia na kukiokota. Sasa mwalimu mjinga humfukuza ili ampokonye. Mtoto akaona kwamba ameokota mali na mwizi yuaja, akakaza meno na kukimbia. Mwalimu mwenye busara hufanya kinyume: hugeuka na kwenda upande wa pili huku akiita kwa sauti ya furaha, au huchuchumaa na kumkaribisha. Mtoto humfuata na soksi kinywani. Akifika, hapokonywi mara moja. Hupapaswa kifuani na kusifiwa akiwa bado ameshika, kisha mkono hupitishwa chini ya taya, na kitu hupokewa kama mtu apokeavyo kikombe cha kahawa kutoka kwa mgeni wake. Hakivuti. Akivuta mwanadamu, mbwa naye huvuta, na katika kuvutana ndipo meno hujifunza kukaza.

Meno ya utoto huanza kung'oka mbwa akiwa wa miezi minne hivi, na yale ya ukubwa huwa yametimia kwenye miezi sita au saba. Katika siku hizo ufizi huuma. Waalimu waangalifu hupunguza au husimamisha kabisa mafunzo ya kubeba, wasije wakamfundisha mbwa kwamba kubeba ni maumivu, maana aumiaye hutupa kitu, au hukitafuna ili ajipoze. Meno yakiisha kukaa sawa, hupewa kifurushi cha turubai chenye uzito wa kama ratili moja, ambacho hakitafuniki kwa urahisi. Baadaye hupewa ndege aliyekufa na kupoa, mzima, asiye na damu. Huenda kwanza akavikwa soksi ili manyoya yasimkere mwanafunzi. Kisha ndege aliyekufa karibuni, angali na joto. Mwisho kabisa, baada ya miezi mingi, ndipo hutumwa kumfuata ndege mwenye jeraha.

Utaratibu huo una sababu. Jogoo wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku awindwaye sana huko, ana vipiga vikali miguuni. Mbwa mchanga akimshika vibaya hupigwa usoni, akashtuka na kumbana kwa hasira. Na somo la siku moja kama hiyo laweza kufuta mafunzo ya mwaka mzima. Hali kadhalika mbwa aliyepigwa kwa sababu alichelewa kuachilia. Yeye hasemi, "Nimepigwa kwa kuchelewa." Asema, "Nikiwa na ndege kinywani karibu na bwana, huja maumivu." Na mwenye hofu hukaza taya, kama mtu anayetetemeka akazavyo ngumi.

Mtu asidhani kwamba kinywa laini ni kinywa legevu. Mbwa aangushaye ndege kila hatua, akamwokota na kumgeuzageuza, humharibu pia, na ndege mwenye uhai hupata nafasi ya kutoroka. Mshiko mwema ni wa mwili mzima wa ndege katikati ya taya, penye mizani ya uzito, kwa nguvu itoshayo kumzuia na isiyozidi. Mama abebaye mtoto mgongoni hufunga kanga imara, asianguke. Lakini haifungi hata mtoto akakosa pumzi.

Lakini kosa la kinywa kigumu halionekani kwa macho. Mbwa aweza kuleta ndege ambaye manyoya yake yamelala vizuri na hana tone la damu, kumbe ndani amepondwa. Kwa hiyo katika mashindano ya waletaji huko Uingereza mwamuzi hukagua kwa vidole. Humlaza ndege kiganjani, kifua juu na kichwa mbele, akapapasa mbavu za pande zote mbili kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Mbavu zikiwa za mviringo na imara, mbwa yu salama. Zikiwa zimebonyea au zimelala bapa, ni ushahidi juu yake.

Hapo lipo jambo la haki, nalo twalipenda. Ndege aweza kuvunjika kwa marisau, au kwa kuanguka juu ya jiwe kutoka juu sana, au ngozi ya kiunoni ikachanika mbwa alipomtoa kwa shida katika miiba. Kwa hiyo mwamuzi ameamriwa ahakikishe kwamba aliyedhuru ni mbwa. Mwenye mbwa hupewa nafasi ya kumwangalia ndege yule mbele ya waamuzi, na kama pana shaka, shaka ile humfaidia mbwa. Lakini kosa likithibitika, mbwa huondolewa mashindanoni papo hapo, hata angekuwa ameongoza tangu asubuhi. Ukali huo si wa bure. Mshindi hutafutwa na watu wengi ili azalishe, na mbwa mmoja mwenye kinywa kigumu aweza kuieneza tabia hiyo katika nyumba nyingi kabla haijatambuliwa. Waalimu wengi hukiri kwamba kinywa kikiisha kuwa kigumu ni shida kubwa kukirudisha. Ndiyo sababu kazi yote hufanywa mwanzoni.

Sasa huenda msikilizaji akasema, "Sisi hatuwindi fezanti, wala hatuna Labrador. Haya yatufaa nini?" Yatufaa katika mbwa wetu tulio nao nyumbani. Mtoto wa mbwa wa kijijini naye ana meno 28 ya miiba, ana ndugu, ana mama, na ana majuma yake machache ya kujifunza. Basi twashauri mambo manne. La kwanza, asiondolewe kwa mama yake kabla ya majuma 8. La pili, watoto wasimchokoze ili aume mikono na nguo, kisha wakacheka. Mchezo huo akiwa mdogo ndio msiba akiwa mkubwa. Akiuma kwa nguvu, mchezo usimame, mtu aondoke, kama vile ndugu zake walivyofanya. La tatu, mbwa aliyeokota kiatu asifukuzwe kwa fimbo. Aitwe, asifiwe, apewe kitu kingine badala yake.

La nne ni la hadhari. Mbwa hata awe mpole namna gani bado ana chonge zake. Akiwa mgonjwa, akiwa na maumivu, akishtuliwa usingizini au akinyang'anywa chakula, aweza kuuma, na mtoto mdogo asiachwe naye peke yake. Tena upole wowote hauzuii kichaa cha mbwa, ambacho huzuiliwa kwa chanjo tu. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, na akioshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akapate shauri la chanjo. Asingoje aone kama mbwa ataugua. Ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu, ni nadra mno kupona. Lakini kabla ya dalili, dawa ipo.

Mbwa waletaji wenyewe siku hizi wamepata kazi nyingine zisizo na bunduki. Katika nchi nyingi wako wanaofunzwa kuwasaidia watu wasioweza kuinama au kutembea: humwokotea mtu funguo zilizoanguka, humletea simu, humfungulia mlango kwa kuvuta kamba. Kinywa kilichozoezwa kwa ndege ndicho hicho hicho kimpacho mgonjwa kitu chake kikiwa kizima. Kazi imebadilika, upole haukubadilika.

Mabibi na mabwana, watu wengi hudhani kwamba mpole ni yule asiye na nguvu ya kudhuru. Mbwa huyu atufundisha vingine. Nguvu anazo, na meno anayo yote 42. Lakini damu ya wazazi wake, ndugu zake waliomlilia alipozidisha, na mkono wa bwana usiopokonya, vyote vitatu vimemfundisha kuipima nguvu hiyo. Kimoja kikikosekana, ndege hufika amepondwa. Vikiwapo vyote, bwana hufungua kiganja chake na kupokea kitu kilicho kizima, na pengine chenye kupumua bado.